Jina Ambalo Semu Kule Hakuliomba

Semu Kule ana miaka sabini na kitu, na hakuna aliyewahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Huanza amekaa. Kisha jambo fulani humwita: lori linalohema kupanda kwenda mpakani Mpondwe, mbwa wa jirani, au ukimya uliozidi kiasi. Huinuka na kikombe chake, akaenda kumalizia nje kati ya mibuni. Watu wa Bwera wamemzoea. Wageni ndio hudhani wamemuudhi.

Siku Tumwesigye alipofika kwa mara ya kwanza, Semu aliinuka kwa sababu alikuwa ameudhika kweli.

Tumwesigye ni kijana wa Kitooro, kazi yake ni kugawa maji katika mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku. Evas, mjukuu wa Semu, alikodi kipande huko akalima mpunga na nyanya. Walijuana kwa ugomvi: zamu yake ya maji ilikatwa kabla shamba halijanywa, akamfuata kijana mpaka mferejini kumwambia anavyomfikiria. Mwaka uliofuata akamleta Bwera kumwonyesha kwa babu aliyemlea.

Kijana alikuwa amejiandaa. Alivaa koti, akapiga goti nusu, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili. Kisha akauliza kwa Kitooro, kwa sauti ya chini, kama anavyouliza kila Mtooro aliyelelewa vizuri:

“Mzee, empaako yako ni ipi?”

Kwa Watooro, empaako ni jina la heshima na la upendo, moja kati ya machache ambayo watu wote wamegawana. Mtoto hupewa akiwa bado mchanga. Huwezi kumsalimu mtu kwa adabu bila kulitaja; usipolijua, unaliuliza kwanza. Kumsalimu mtu mzima bila jina hilo ni kama kumsemesha mti. Tumwesigye hakuwa na heshima kubwa kuliko hiyo katika mfuko wake, na aliitoa yote.

Semu aliuvuta mkono wake taratibu. Akatoka. Alipita kwenye mibuni, akavuka njia, akapanda kilima, na hakurudi mpaka mgeni alipokwisha kuondoka. Evas alipomuuliza, alisema mambo mawili tu: hapana, na si huyu.

Ukoo wao una desturi katika mbuzi wa mahari. Kila mbuzi ana mwenyewe: wa baba, wa mama, wa mjomba, wa shangazi. Wa babu huja mwisho, na babu mwenyewe hushika kamba kwa mkono wake mbele ya watu. Asiposhika, wale wote waliotangulia hurudishwa walikotoka, na hakuna ndoa. Nobert, baba yake Evas, anayefanya kazi katika kiwanda cha saruji Hima, alikuwa ameshakubali. Siku ilikuwa imepangwa. Sasa kila kitu kilikuwa kimening’inia kwenye mkono wa mzee asiyeweza kutulia.

Ili kuuelewa mkono ule lazima kurudi nyuma, kwenye darasa la udongo miaka ya hamsini, kijana huyu na hata Nobert wakiwa hawajazaliwa.

Semu alipelekwa shule akiwa na jina moja la kanisani na moja la kwao. Kule ni jina la mtoto wa kiume wa nne. Wakonzo, watu wake Semu, huwaita watoto kwa mfuatano wa kutoka tumboni, na mtu akisikia jina lako anajua tayari una kaka wangapi. Mwalimu alitoka Fort Portal, kwenye makao ya ufalme wa Tooro, ambao kwa amri ya Waingereza ulipewa milima hii na watu wake. Mwalimu alisema Kule si jina. Akamwandika kwa jina la Kitooro, kisha akampa empaako: Apuuli. Kila asubuhi alisimama mbele ya kila mtoto kumwuliza empaako yake. Aliyejibu kwa Kikonzo alichapwa. Aliyenyamaza alichapwa pia. Semu alijifunza kusema Apuuli haraka, kama mtu anayetema mbegu chungu.

Nyumbani hakusema neno. Lakini nyumbani nako kulikuwa na mambo. Alimwona baba yake akivua kofia na kuketi chini kwenye vumbi, chifu wa Kitooro akipita. Alimwona akibeba mizigo ya chifu huyo, na jioni akirudi kulima kwa mwanga uliobaki. Kanisani sala zilisomwa kwa lugha isiyo yao. Barabara ilichimbwa na Wakonzo ikapitwa na wengine. Kaka yake mkubwa alifaulu kwenda shule ya juu, nafasi ikapewa mtoto mwingine mwenye ukoo unaojulikana Fort Portal, na kaka akaenda kuchimba shaba Kilembe, akarudi na kifua kibovu. Na sokoni, mtu wa milimani akibishania bei, aliitwa nyani. Walicheka, naye wakati mwingine alicheka pamoja nao ili auze na kuondoka.

Wazee walikuwa na kumbukumbu ya zamani zaidi, ya watu wao walionyongwa kwa kukataa utawala ule wakati wa babu yake Semu. Walilitaja jambo hilo wakiwa wamekaa kuzunguka moto, kisha walikaa kimya. Hakuna aliyewaambia watoto wafanye nini na kimya hicho.

Uhuru ulipokuwa unakaribia, wajumbe wa Wakonzo na wa majirani zao Waamba katika baraza la ufalme waliomba mambo ambayo leo yanaonekana madogo: watajwe kwa majina yao katika katiba, lugha yao ifundishwe, wapate wilaya yao. Walikataliwa. Wakasimama, wakatoka barazani. Habari za kutoka kwao zilipanda mlima kwa miguu, kijiji hadi kijiji, na Semu huwa anasema hakuna habari iliyowahi kumwingia hivyo, kwamba mtu anaweza kuinuka tu mbele ya kiti cha mfalme, akatoka nje.

Watu wakaacha kulipa kodi. Machifu wakafukuzwa, baraza zao zikachomwa. Wanajeshi wakapanda, na vijiji navyo vikachomwa. Semu, ambaye ndevu zilikuwa bado hazijaota, akakimbilia juu kwenye mianzi na baridi pamoja na maelfu ya wengine. Hakuwa shujaa. Kazi yake kubwa ilikuwa kubeba chumvi ya Katwe usoni mwa milima kwa njia zisizojulikana, kwa sababu watu walikuwa na viazi na mboga ila ulimi wao ulikuwa unakufa. Aliona watoto wakifa kwa kikohozi. Alilala amevaa viatu, siku alizokuwa na viatu. Huko ndiko alikosahau kukaa.

Na huko juu, wale waliomkataa mfalme wakajitengenezea wa kwao.

Hili ndilo jambo analolizunguka Semu katika hadithi zake zote, kama mtu anayezunguka nyumba isiyo na mlango. Walihitaji bendera, wakapata. Walihitaji mawaziri, wakapata. Kiongozi wao, aliyekuwa mwalimu, alipofariki, mwanawe akaketishwa kitini akiwa bado kijana, Omusinga, yaani mfalme, wa mlima. Serikali ilipowapa Wakonzo wilaya yao ya Kasese, wilaya ile ile waliyokuwa wameiomba mwanzo, wengi walishuka. Wengine wakabaki, maana ufalme sasa ulikuwapo na haukujua namna ya kujifunga wenyewe. Semu alikuwa mmoja wa waliobaki. Alipandishwa cheo akawa mkusanya kodi. Alizunguka vijijini akichukua kuku na maharage kwa watu wanaokula mara moja kwa siku, nao waliketi chini alipokuja.

Bunduki ziliposalimishwa mapema miaka ya themanini, akashuka, akapanda kahawa, akaoa. Miaka mingi baadaye serikali ikautambua ufalme rasmi, watu wakacheza barabarani Kasese, na Semu akacheza nao, akiwa ameshika fimbo juu. Alirudi nyumbani mapema kuliko wote.

Mtu wa namna hii ndiye aliyekuwa amesema hapana.

Evas hakulia. Alimfuata kwenye mibuni, akaanza kuchuma kahawa iliyoiva upande wa pili wa mti mmoja na yeye, mpaka kikapu kilipofika nusu. Akamuuliza kama Tumwesigye alimtukana. Mzee akasema hapana, na hilo ndilo baya, angemtukana angemjibu. Evas akasema kijana hakujua. Mzee akasema Mtooro hajui kamwe, kutojua ndio utawala wao.

“Babu,” Evas akasema, “wewe ulichapwa. Mimi hakuna anayenichapa.”

“Utaamka kwao asubuhi watakuita Akiiki, au Abwoli. Utaitika.”

“Nikiitika, si ni mimi nimeitika?”

Mzee alihamia mti mwingine, akaacha kikapu chake pale. Siku zilizofuata Evas alimpikia, alimfulia, lakini hakumuuliza tena kitu, na nyumba ikawa na kelele ya vyombo tu.

Nobert alipiga simu kutoka Hima. Alisema wageni wameshakodi gari, mbuzi wameshanunuliwa, na kwamba baba yake akitaka kupigana na Tooro amechelewa miaka sitini. Semu alikata simu. Alitembea mpaka sokoni na kurudi, akatembea tena. Kisha akaamua kwenda Rukoki kwa Edisa, kumwomba aje kusimama upande wake siku ya mbuzi. Edisa alipika mlimani miaka yote ile. Wenzao karibu wote wamezikwa. Mwanamke kama huyo akisema hapana mbele ya ukoo, hakuna atakayemwita Semu mzee mkaidi.

Alipata lifti kwa Baker, mfanyabiashara Mwislamu anayepeleka kahawa Kasese kwa pikapu yake. Baker alimtazama akipanda na fimbo.

“Mzee Semu, leo unaenda kupigana na nani? Kwa hii barabara hakuna mufalme, iko mashimo tu.”

Semu alisema anaenda kumwona rafiki. Baker akasema rafiki wa fimbo ni nyoka, akacheka peke yake mpaka walipoingia nyikani. Chini pale, joto likiwa limeinuka juu ya nyasi na milima ikiwa imejificha kwenye mawingu yake, Semu aliomba dereva asimame mara mbili bila sababu. Alishuka, akatazama huku na huku, akapanda. Baker hakucheka tena. Alimpa chupa ya maji.

Edisa alikuwa anamenya mihogo mbele ya nyumba yake, miguu imenyooshwa mkekani. Hakuinuka.

“Kule. Kumbe hujafa. Nani anakulisha?”

“Mjukuu.”

“Basi mwache aolewe, ufe kwa njaa kama wenzako.”

Habari ilikuwa imemtangulia. Semu alisimama karibu na ukuta, akaeleza yote: kijana, mkono, swali. Akaeleza na darasa la udongo, ingawa Edisa alilijua, kwa kuwa naye alipewa jina huko huko akawa Abbooki, jina ambalo hata mama yake hakuweza kulitamka. Akamwambia anachotaka. Edisa aliendelea kumenya. Alisema atakuja kwa hakika, atakula nyama, lakini kazi ya kukataa ameiacha, magoti hayamruhusu.

Semu akamkumbusha mlima. Akamkumbusha baridi, na wale waliozikwa bila sanda. Alikuwa anasema huku akienda na kurudi, kutoka ukutani mpaka kwenye jiko, fimbo ikigonga.

Edisa akaweka kisu chini.

“Bright alikuwa anapenda ukisema hivyo,” alisema.

Bright alikuwa mwanawe wa mwisho. Alijiunga na walinzi wa ikulu ya Omusinga mjini Kasese, vijana wasio na mshahara, wenye mavazi waliyojinunulia. Siku ile ya Novemba mwaka wa 2016, mapigano na wanajeshi wa serikali yalipoingia ikuluni, alikuwa langoni. Edisa alimtafuta mpaka akachoka, akarudishiwa mwili uliofungwa. Semu alikuwepo mazikoni. Alisimama mwisho wa watu wote.

“Ulikuwa unakuja hapa,” Edisa akasema, “hukai, unasimama hapo hapo uliposimama, unamwambia ya mlimani. Chumvi, mianzi, tulivyotoka barazani. Mtoto alisahau kula. Akataka na yeye awe na mlima wake. Wangu mimi mlima ulikuwa kupika, sikuwa na la kumwambia.”

Semu akasema hakumtuma langoni.

“Hukumtuma. Sikulaumu, Kule, ningekulaumu ungelijua zamani. Nasema hadithi ile imekwisha kula mtoto mmoja katika nyumba yangu. Na sasa katika nyumba yako unataka kuilisha Evas.”

Aliokota kisu, akachukua muhogo mwingine. Jua lilikuwa limehamia usoni mwa Semu lakini hakusogea. Edisa akamwambia kama hataki kukaa, basi amletee maji, mtungi uko nyuma.

Akaleta maji.

Siku ya mbuzi ilikuwa ya mawingu. Maturubai mawili yalitazamana uani, upande huu Wakonzo, upande ule wageni kutoka Fort Portal katika kanzu na makoti, wanawake wao katika mashuka yaliyofungwa begani. Semu alikuja. Hakuna aliyejua amekuja kwa lipi. Alisimama kando ya nguzo, na Evas, aliyefichwa ndani na shangazi zake, alikuwa akimtazama kupitia ufa wa dirisha.

Wageni walikuwa wameonywa wasiulize empaako. Ndiyo sababu msemaji wao, baba yake Tumwesigye, mzee mrefu aitwaye Rusoke, alisimama kusalimu akakwama. Bila kuuliza jina hakujua mlango mwingine wa kuingilia. Upande mmoja ukasubiri, upande wa pili ukaona aibu, na mbuzi wakasikika wakitafuna kamba zao.

Semu akatoka nguzoni. Alikuwa ameliwaza njiani kutoka Rukoki, siku zote hizo, na lilionekana kwake kuwa ni jambo la amani.

“Kwetu hatuulizi hilo,” alimwambia Tumwesigye. “Kwetu tunauliza, wewe ni wa ngapi kwa mama yako?”

Tumwesigye akasema kwa mama yake yeye ni mtoto wa kiume wa tatu.

“Basi ni Masereka. Ukiingia katika ua huu jina lako ni Masereka, na hilo jingine uliache pale njiani.”

Upande wa Wakonzo ulilipuka kwa vigelegele. Edisa peke yake hakupiga. Kijana aliinama, akatabasamu, akasema asante. Ila Semu hakuwa anamtazama kijana. Alikuwa anamtazama Rusoke, ambaye alitabasamu pia, na kabla ya tabasamu alimeza mate, na macho yake yakaenda chini mara moja yakarudi. Semu alikijua kile. Alikuwa amekiona kwa baba yake, kofia mkononi, kwenye vumbi.

Vigelegele vilikuwa bado vinaendelea alipovuka uwanja mpaka upande wa wageni.

“Hilo jina nililompa mwanao,” akamuuliza Rusoke kwa Kitooro, lugha ambayo wajukuu wake hawakuwahi kumsikia akiisema, “umelipenda, au umelimeza?”

Rusoke alimtazama vizuri. “Nimelimeza,” akasema. “Lakini limepita.”

“Liteme.”

Watu wa karibu wakacheka, halafu wakaona wazee hawacheki.

Semu akawageukia wote. Alisema kijana ataitwa Tumwesigye humu ndani, mpaka siku atakapoomba jina jingine kwa mdomo wake. Na mtoto wao, Evas Biira, huko aendako ataitwa Evas Biira, kwa jina la kwao, mpaka aombe. Shangazi mmoja wa kijana akainuka kupinga: wamsalimuje asubuhi, bibi harusi asiye na empaako? Majirani watasema wamemdharau. Wanawake wa pande zote mbili wakaanza kusema pamoja.

Mlango ukafunguliwa na Evas akatoka, jambo lisilofanywa kabla ya mbuzi kuisha. Alisimama hapo hapo kizingitini.

“Nitaliomba, shangazi,” alisema. “Lakini si leo. Na nitachagua mwenyewe.”

Nobert alishika kichwa. Shangazi wa Kitooro alifikiri, akasema basi wataanza kumsalimu kwa kikohozi, kila asubuhi watamkoholea mpaka achague, na safari hii kicheko kilikuwa cha watu wote. Mbuzi wakaitwa mmoja mmoja. Yule wa mwisho alipofika, Semu alishika kamba.

Wakati wa kula hakukaa. Alikwenda kwenye mibuni, na baada ya muda akasikia hatua nyuma yake. Rusoke alikuwa amefuata, sahani ya nyama mkononi kama mtu aliyesahau kuiweka. Walitembea. Rusoke akasema yeye ni mtoto wa Mubuku, hata kama watu humwona wa Fort Portal. Baba yake alilima huko chini. Watu wa mlima waliposhuka, mwaka ule wa moto, mama yake alimbeba mgongoni mpaka ng’ambo ya mto, na hawakurudi. Mwanawe alipopata kazi ya maji kule kule, hakumwambia hilo.

“Mimi mwaka ule nilikuwa upande huu wa Bwera,” Semu akasema.

“Sikukuuliza.”

“Najua.”

Kutoka uani waliitwa, kwa jina la mmoja kisha la mwingine, wakatie watu nyama. Hakuna aliyegeuka upesi.